Alisema Ni Tamu

Bendi ilianza kupiga saa sita kasorobo, na Delphine Battle akajua vijana wameingia uwanjani.

Nyumba yao ilikuwa mitaa minne tu kutoka uwanja wa chuo, na kwa miaka ishirini na moja ya maisha yake Jumamosi za Oktoba mjini Coosawa, Alabama, zilikuwa na sauti hiyo hiyo ya matarumbeta na ngoma kubwa. Mwaka huu sauti ilikuwa imepwaya. Watu walioruhusiwa kuingia walikuwa robo tu, na viti vilivyobaki vilipachikwa picha za kadibodi za mashabiki waliokaa nyumbani. Tarumbeta likipigwa, mwangwi ulirudi mtupu kama ndani ya nyumba iliyohamwa.

Ilikuwa pia Jumamosi ya kwanza ya mechi ya nyumbani, katika miaka thelathini na moja, ambayo baba yake hakuwepo. Mzee Hosea Battle ndiye aliyekuwa mtunza vifaa wa timu ya chuo ya mpira wa Kimarekani. Viatu, helmeti, jezi, kamba, vyote vilipita mikononi mwake, na hakuna mchezaji aliyetoka chumbani kwenda uwanjani kabla Mzee Hosea hajamkaza pedi za mabega na kumpiga kofi la mgongoni. Sasa alikuwa hospitali siku ya sita, korona kifuani, oksijeni puani. Asubuhi daktari alikuwa amepiga simu akasema kiwango cha oksijeni mwilini hakipandi. Saa nane wangepiga tena, na huenda ikabidi alazwe usingizi awekwe kwenye mashine ya kupumulia.

Mama yake, Bi Ernestine, alikuwa ameketi mezani tangu saa tatu, simu mbele yake, gauni la bluu la kanisani mwilini kana kwamba anangoja mgeni. Wao wawili walikuwa bado katika siku zao za kujitenga. Vipimo vyao viwili vilikuwa vimetoka safi, lakini hawakuruhusiwa kutoka nje ya uzio, na wanawake wa kanisa walikuwa wanawaachia vyakula kibarazani, wanabonyeza kengele na kukimbia kama watoto watundu.

Delphine alitoka kuchukua sinia la makaroni. Alipoinua kichwa akamwona Jericho Mims amesimama kando ya sanduku la barua.

Moyo wake ulifanya kile ulichofanya siku zote, uliruka kabla akili haijaruhusu. Siku kumi na sita hawakuwa wameonana. Alikuwa amekonda kidogo, au labda ni ile fulana nyeupe isiyo na namba. Barakoa ilifunika nusu ya uso, ikabakiza macho tu, na macho ya Jericho ndiyo yaliyomtia Delphine matatani tangu mwaka wa kwanza. Yalikuwa macho mapole, ya mtu anayesikiliza mpaka umalize.

Leo hayakumtazama. Yalitazama ngazi.

"Del."

"Jericho. Mechi imeanza. Unafanya nini huku?"

"Nimemrudishia kocha jezi asubuhi." Alivua kofia akaishika kwa mikono miwili. "Mama yupo?"

"Yupo, lakini si leo. Tunangoja simu ya hospitali."

"Ndiyo sababu nimekuja leo. Nikingoja kesho nitakuwa nimeshachelewa."

Delphine alijua alichokuja kusema. Alikuwa amekijua kabla ya mtu mwingine yeyote katika mji ule.

"Jericho, rudi nyumbani. Tafadhali."

"Nani huyo?" Mlango wa wavu ulifunguka. Bi Ernestine alitokea, mkono kiunoni, simu mkono wa pili. Miaka miwili sasa hakuwahi kuficha alivyowaona wachezaji mpira. Kwake walikuwa wapita njia, wanakuja Agosti, wanapigiwa makofi, kisha wanaondoka na kumwachia binti wa mtu kilio. "Aa. Bwana mkubwa mwenyewe. Leo hupokei pasi? Au umekuja kuhesabu waliobaki?"

"Habari za mchana, mama."

"Sina habari za mchana. Nina mume hospitali. Sema, uondoke."

Jericho akasogea hatua moja ndani ya ua, akasimama kwenye nyasi, mbali.

"Nimekuja kukwambia mimi mwenyewe, usije ukasikia mtaani. Kile kipimo changu kilichotoka kibaya Jumatatu baada ya mechi, watu wamesema niliupata ugonjwa uwanjani, siku ileile. Si kweli. Jumamosi ile nilikuwa nimeshaugua. Nilijua tangu Alhamisi."

Bi Ernestine aliuachia mlango wa wavu ukajifunga nyuma yake.

"Pua ilikufa, mama. Sikusikia harufu ya kahawa. Nilichukua viatu vyangu vya mazoezi nikavinusa, na unajua vile vitu vinavyonuka, sikusikia hata kidogo. Kipimo cha Jumatano kilikuwa safi, kwa hiyo hakuna aliyeniuliza. Nikanyamaza. Nikavaa. Na Mzee akanifunga pedi. Kamba ya kushoto ilikuwa imekatika, akakaa nayo kama dakika tano, uso wake hapa." Aliweka kiganja karibu na shavu lake, akakiacha pale. "Barakoa nilikuwa nimeishusha. Nilikuwa naona hewa haitoshi."

Kutoka uwanjani kulisikika kelele za watu wachache wakijitahidi kuwa wengi.

"Kwa nini?" Sauti ya Bi Ernestine ilikuwa ndogo mno. "Nieleze tu, nielewe. Kwa nini?"

"Maskauti wa ligi ya kulipwa walikuwa wanakuja. Wawili. Niliambiwa wanakuja kuniona mimi."

"Mume wangu alikuita mwanangu."

"Ndiyo, mama."

"Viatu vipya vikija, anafungua boksi, anachagua vyako kabla ya vya mtu mwingine. Sikukuu ya shukrani umekaa mezani kwangu, ukala bata mzinga wangu, na mimi sikukupenda lakini nilikupakulia mara ya pili kwa sababu yeye alikupenda. Na wewe ukampumulia usoni." Alishuka ngazi moja. "Ukapokea pasi ngapi siku ile?"

"Mama—" alianza Delphine.

"Nimemuuliza. Ngapi?"

"Tisa," alisema Jericho.

"Tisa. Wakakupigia makofi?"

"Walipiga."

"Basi umelipwa. Nani mwingine alijua? Kocha alijua? Daktari wa timu alijua? Nataka majina."

"Hakuna, mama. Niliwaficha wote. Hata Del." Hapo ndipo alipomtazama Delphine kwa mara ya kwanza, haraka, kama mtu anayegusa kitu cha moto. "Alikuwa amenipikia pai siku ile ya Alhamisi. Nikala vipande vitatu nikamwambia ni tamu, kumbe sisikii chochote. Nilimdanganya hapahapa kwenye ngazi zako. Hakuna wa kulaumiwa ila mimi."

Delphine alifungua mdomo. Neno lilikuwa pale, juu ya ulimi kabisa. Mama yake alikuwa amesimama kati yao, mabega yanatetemeka ndani ya gauni la bluu, na Delphine akaufunga mdomo.

"Ondoka," Bi Ernestine alisema. "Na usinyenyekee mbele yangu na kofia yako. Ondoka."

Jericho aliinamisha kichwa. Aligeuka, akavuka barabara, akaingia kwenye gari la bibi yake, lile pikapu la kijani lenye mlango mmoja mwekundu. Mlango ulifungwa. Injini haikuwaka.

Ndani, mama yake aliketi tena palepale mezani. Alilia kidogo, kwa hasira, akajifuta kwa kitambaa cha sahani. Kisha akaushika mkono wa binti yake.

"Nisamehe, mwanangu. Nakumbuka mwezi wa nane nilikwambia unajifanya mjuaji. Nyumba hii nzima ina mtu mmoja tu mwenye akili, na ni wewe. Baba yako angekusikiliza, leo angekuwa hapa ananung'unika kuhusu kuku wangu."

Delphine alitamani sakafu ifunguke.

Alisomea uuguzi, mwaka wa tatu. Agosti, chuo kilipotangaza kwamba madarasa yatafanyika kwenye kompyuta lakini mpira utachezwa kama kawaida, yeye ndiye aliyeandika barua, wanafunzi wenzake wa uuguzi arobaini wakatia sahihi, ikatoka kwenye gazeti la wanafunzi. Aliuliza swali moja tu: kama si salama kwa watu ishirini kukaa darasani na barakoa, ni salama vipi kwa vijana mia moja kukumbatiana kwa jasho na kupumuliana? Mji mzima ulimjadili. Kwenye foleni ya duka mwanamume mmoja alimwambia akale vitabu vyake awaachie watu mpira wao.

Mezani ilikuwa vita. "Wewe unataka vijana hawa wakae nyumbani wafanye nini?" baba yake alimuuliza, uma hewani. "Nusu yao wakirudi makwao hawana hata chakula cha maana. Hapa wanapimwa mara mbili kwa wiki. Hapa wana daktari. Nitajie nyumba gani Alabama mtu anapimwa mara mbili kwa wiki."

"Baba, unawapima halafu unawarundika pamoja. Na wewe una miaka sitini na tatu na presha."

"Mimi nina miaka sitini na tatu na kazi. Bila msimu huu, unafikiri mtunza vifaa wanamweka wa nini? Apige pasi jezi za mizimu?" Akacheka, akamgeukia Jericho aliyekuwa ameketi kando ya dirisha lililoachwa wazi kwa amri ya Delphine. "Mwambie mchumba wako."

"Mwaka mmoja tu, Del," Jericho alisema polepole. "Ndio niliobakiwa nao. Goti langu bovu halitangoja korona iishe."

Baada ya barua walikaa wiki sita hawasemezani, yeye na Jericho. Kisha Oktoba ikaja, naye akashindwa. Alikuwa amemkumbuka mno. Alikuwa anapita mbele ya mkahawa wa chuo akijifanya anasoma simu ili tu aone bega lake kwenye foleni. Alhamisi ile alipika pai ya viazi vitamu, akaipaka krimu juu, akamwita. Walikaa kwenye ngazi za kibaraza, kila mmoja upande wake, kama sheria zake zilivyotaka, wakaongea mpaka jua likahama. Jericho alikula vipande vitatu, akalamba krimu kwenye kijiko. "Tamu," alisema. "Tamu mpaka basi."

Wakati wa kuagana Delphine alishusha barakoa yake, yeye, mwandishi wa barua, akamsogelea. Jericho akarudi nyuma. Akamgusa kwa kidole tu, mwisho wa mkono wa sweta, akasema, "Sheria ni sheria, nesi wangu," akaenda. Delphine alilala akitabasamu. Alidhani ni heshima.

Ijumaa asubuhi, peke yake jikoni, alikata kipande cha pai iliyobaki akaonja. Akatema kwenye sinki. Mama yake alikuwa na mitungi miwili ya kioo ya aina moja, mmoja wa sukari na mmoja wa chumvi, na katika haraka yake Delphine alikuwa ametia kwenye krimu vijiko vitatu vikubwa vya chumvi.

Alisimama pale na maji yakitiririka. Hakuna mtu anayeweza kula kitu kile. Hakuna adabu wala mapenzi yanayoweza kumpitisha mtu kwenye vipande vitatu. Alikuwa amefundishwa dalili ile masomoni, ilikuwa kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya kitanda chake: kupoteza ladha, kupoteza harufu. Na ile hatua ya kurudi nyuma. Alijua. Alijua kama anavyojua jina lake.

Akaokota simu kumpigia daktari wa timu. Akaiweka. Akajiambia Jericho alikula kwa sababu anampenda, wanaume wapo hivyo. Akajiambia kipimo cha Jumatano kilikuwa safi. Akajiambia maskauti wanakuja kesho. Hilo la tatu ndilo lililokuwa la kweli. Akachukua pai iliyobaki akaitupa kwenye pipa la nje, akaifunika na magazeti.

Jumamosi baba yake alipotoka kwenda kazini, Delphine alimpa barakoa mpya mlangoni. "Usiivue, baba." Akambusu kichwani.

"Del? Unanisikia?" mama yake alikuwa anasema. "Nimesema mimi ninajivunia wewe."

Simu ililia kabla hajajibu.

Ilikuwa simu ya video. Nesi aliyejifunika mwili mzima alishika tableti juu ya kitanda, na uso wa Mzee Hosea ukatokea, mkubwa, umevimba kando ya mirija ya oksijeni. Daktari alikuwa ameshaamua. Dakika kumi, nesi alisema, kisha wangemlaza usingizi wamweke mashine.

"Nani... anaongoza?" Mzee Hosea aliuliza.

"Hosea, koma na mpira wako!" Bi Ernestine alicheka, machozi yakaanguka juu ya kioo cha simu.

"Umevaa... lile la bluu."

"Nimelivaa kwa ajili yako, mzee usiye na akili wewe."

Mzee Hosea alipumua mara tatu, kila pumzi kazi nzima. "Del yuko wapi?"

"Nipo, baba."

"Ulisema kweli. Mwezi wa nane. Nilikucheka... mbele ya watu." Alikusanya hewa. "Niliona aibu kukwambia. Nimelala hapa... siku sita... naona aibu. Ulisema kweli, mwanangu."

Hapo ndipo Delphine aliposhindwa. Angeweza kuvumilia sifa za mama yake. Angeweza, Mungu amsamehe, kumwona Jericho akiondoka na mzigo wote. Lakini baba yake alikuwa anatumia pumzi alizobakiwa nazo kumwomba yeye msamaha.

"Baba, usiniombe radhi. Jericho alikuwa mgonjwa siku ile. Alijua. Amekuja leo kusema. Na mimi nilijua pia." Aliona uso wa mama yake ukimgeukia, lakini akaendelea kutazama simu. "Nilitia chumvi kwenye krimu badala ya sukari, akala vipande vitatu akasema ni tamu. Nikagundua Ijumaa. Sikumwambia mtu. Nilitaka wale maskauti wamwone. Nimeandika barua mimi, baba, nimewahubiria mji mzima, halafu nikanyamaza nikakupa barakoa."

Kwenye kioo baba yake alifumba macho. Mabega yalianza kutikisika, na Delphine akadhani ni kikohozi, akamwita nesi.

"Chumvi?" Mzee Hosea alisema. Alikuwa anacheka.

"Vijiko vitatu."

"Akala... vipande vitatu?"

"Vyote."

Kicheko kilimwishia. Alimtazama binti yake, na Delphine hakuthubutu kukwepesha macho.

"Nilimsikia akikohoa," baba yake alisema. "Nikimfunga. Nikamwambia anywe maji. Miaka thelathini na moja, Del. Kikohozi cha vumbi nakijua. Na kile kingine... nakijua. Nilitaka mechi." Pumzi. "Kijana yuko wapi?"

Delphine alimtazama mama yake.

"Ernestine."

"Yuko nje, kwenye gari," Bi Ernestine alisema kwa shida. "Nimemfukuza. Hajaenda."

"Msimwache... peke yake na hilo."

Nesi alisema imetosha. Bi Ernestine aliinua simu karibu na midomo, akasema maneno ambayo Delphine alijitoa kando asiyasikie, maneno ya mtu na mumewe. Kioo kikawa cheusi.

Bi Ernestine aliiweka simu mezani. Saa ya ukutani ilikuwa inakwenda.

"Ijumaa," Bi Ernestine alisema.

"Ijumaa asubuhi."

"Na mimi nilikuwa chumbani, nakunja nguo zake."

"Ndiyo, mama."

"Ulikuja ukaniuliza kama tuna barakoa mpya. Nikakuonyesha droo."

"Ndiyo, mama."

Bi Ernestine alimtazama kama anavyotazamwa mtu aliyekosea nyumba. "Toka mbele yangu, Delphine. Toka, kabla sijasema kitu ambacho baba yako hatapenda."

Delphine alivaa barakoa akatoka. Alikwenda mpaka mwisho wa ua, kwenye sanduku la barua, kwani hakuruhusiwa kwenda mbele zaidi. Upande wa pili wa barabara Jericho alikuwa ameketi nyuma ya usukani, mikono miwili juu yake, kama anayeendesha kwenye mvua. Dirisha lilikuwa wazi.

"Jericho!"

Aligeuka. "Wamepiga? Anaendeleaje?"

"Wanamweka mashine sasa hivi. Shuka, nataka kukwambia kitu."

Alishuka akasimama katikati ya barabara. Magari hayakuwepo, Coosawa nzima ilikuwa uwanjani au mbele ya televisheni.

"Ile pai ilikuwa na chumvi," Delphine alisema.

Hakuelewa. Delphine aliona asivyoelewa, kisha akaona maneno yanavyomwingia, polepole, kutoka kwenye paji la uso mpaka kwenye mabega.

"Chumvi vipi?"

"Chumvi tupu. Krimu yote. Niliionja Ijumaa."

"Ijumaa kabla ya mechi."

"Kabla ya mechi."

Jericho alitazama lami. "Unajua kitu gani kimeninyima usingizi wiki mbili hizi? Si maskauti. Si hata Mzee, Mungu anisamehe, Mzee ninamlilia mchana. Usiku nilikuwa nakuwaza wewe kwenye ngazi ile, unanitazama nikila, umefurahi. Nilisema, nimemdanganya mtu pekee aliyesema kweli katika mji huu. Na sasa hivi mbele ya mama yako nimesema hukujua kitu. Ulikuwa umesimama pale, Del."

"Nilikuwa nimesimama."

"Ukaniacha niseme."

"Nikakuacha."

"Ungenipigia simu. Neno moja tu. Ungesema, Jericho, najua, kaa nyumbani. Naapa ningekaa. Nilikuwa natafuta mtu wa kunikataza."

Delphine alikuwa amejiandaa kwa hasira. Hili hakuwa amejiandaa nalo.

"Kwa nini ulinyamaza?" Jericho aliuliza. "Wewe, wa watu wote?"

"Kwa sababu nilitaka uende. Ligi, jiji kubwa, kila kitu. Na nilitaka kwenda nawe."

"Hukuwahi kuniambia hivyo. Nilikuuliza mwezi wa saba. Ulisema utafikiri."

"Nilikuwa nimeshafikiri."

Walitazamana, mita tano za lami kati yao. Delphine hakukumbuka kama aliwahi kumpenda mtu kiasi kile, wala kujidharau kiasi kile, na alishangaa kwamba mambo mawili hayo yanaweza kukaa katika kifua kimoja. Jericho alinyoosha mkono kidogo, akaurudisha, akauficha mfukoni.

"Sijui nikwambie nini, Del."

"Usiniambie kitu."

"Nimekasirika."

"Kasirika."

"Na bado nakutazama tu kama mjinga."

Mlango wa wavu uligonga ukuta. Bi Ernestine alitoka kibarazani na viti viwili vya kukunja, kimoja kila mkono, simu ikiwa imebanwa kwapani. Jericho alirudi nyuma kuelekea gari.

"Simama hapo," Bi Ernestine alisema.

Alikikunjua kiti kimoja akakiweka juu ya kibaraza, karibu na mlango, akalinyoosha gauni lake la bluu. Kile cha pili alikishusha ngazi zote, akavuka nyasi, akakiweka mwisho wa ua, mbali kuliko kote, chini ya waya wa kuanikia nguo. Aliinama kwa shida. Hakumtazama yeyote.

"Daktari atapiga wakimaliza kumweka hiyo mashine. Wamesema saa moja, labda mbili. Hosea amesema usiachwe peke yako, basi huachwi. Kaa pale. Sijakusamehe, usinielewe vibaya. Sijui kama nitakusamehe."

"Ndiyo, mama," Jericho alisema. Aliingia uani akizungukia mbali naye, akaketi. Kiti kilikuwa kidogo kwake, magoti yalimfika kifuani.

Bi Ernestine alipanda ngazi. Delphine alimfuata, kichwa chini, akashika kiti cha mbao kilichokuwa kando ya dirisha ili akae karibu na mama yake kama walivyokaa siku zote sita.

Mkono wa mama yake ulikamata mgongo wa kiti.

"Hapana. Si hapa." Bi Ernestine alielekeza kidevu upande wa waya wa nguo. "Wewe kaa naye kule."

Delphine alikibeba kiti chake kwa mikono miwili, akashuka, akavuka nyasi. Uwanjani mtu alifunga, bendi ikalipuka, na kati ya watu watatu waliokuwa nje ya nyumba ya Battle hakuna aliyeinua kichwa. Aliweka kiti mita mbili kutoka kwa Jericho, akaketi, na wote wawili wakaitazama simu iliyokuwa juu ya mapaja ya mama yake.